Ripoti inasema 96%, mteja anasema sisi ndio wa mwisho. Nipime nini kwenye mnyororo wa ugavi?

MpangaMizigo (mwanzisha mada)

Wakuu, heshima kwenu. Nimekuwa nasoma kimyakimya humu muda mrefu, leo nimebanwa nikaona niulize.

Kazi yangu ni kupanga mali ghafi kwenye kiwanda cha rangi za kuta. Yaani nihakikishe resini, unga mweupe wa titani dioksidi, viyeyushi, makopo, vifuniko na lebo vinakutana siku moja kwenye laini ya kujazia. Kikikosekana kimoja hakuna rangi, hata kama vingine vimejaa hadi dari. Na kwetu vimejaa hadi dari kweli. Wiki iliyopita nilisimama katikati ya ghala lenye resini ya miezi mitatu, huku laini imelala saa tano kwa sababu ya vifuniko vya lita 4. Vifuniko! Kitu cha bei ndogo kuliko vyote tunavyonunua.

Sasa kinachonikosesha usingizi ni hiki. Kila mwezi napeleka kwa meneja asilimia ya oda zilizotoka kwa wakati. Mwezi uliopita tulikuwa na oda 120, zikatoka kwa wakati 115, karibu 96%. Meneja akafurahi. Kesho yake mteja wetu mkubwa akapiga simu akasema kati ya wote wanaomuuzia, sisi ndio wa mwisho. Meneja akanigeukia: "Hizi namba zako unazitoa wapi?" Sikuwa na jibu. Namba ni za kweli, nimezihesabu mwenyewe oda kwa oda.

Juu ya hapo, huyo huyo meneja karudi kutoka semina na SCOR, mfumo wa kupima mnyororo wa ugavi, kanipa orodha ya vipimo 43 anavyotaka kwenye ripoti. Idara nzima ya mipango ni mimi na kijana mmoja, tukiwa na Excel.

Naomba mnisaidie: hiyo 96% yangu ina kasoro gani, na ni vipimo gani vichache nikivishika vitanionyesha ukweli? Mkitaka kuniambia "boresheni utabiri wa mauzo", tafadhali nionyesheni kwa namba. Hilo nalisikia kila kikao na vifuniko bado vinaisha.

Mzee wa Laini

Karibu mkuu. Nimezeeka kwenye viwanda, na kabla sijajibu naomba unijibu wewe: hiyo "kwa wakati" ni wakati wa nani?

Kwenye oda moja huwa kuna tarehe tatu au nne. Kuna tarehe aliyoiomba mteja mara ya kwanza. Kuna mliyomwahidi. Kuna mliyomwahidi tena baada ya kuona ya kwanza haiwezekani, mtu wa mauzo akampigia simu kumbembeleza. Halafu kuna siku mzigo ulipotoka getini kwenu, ambayo si siku ulipofika kwake. Mifumo mingi ya kompyuta ukibadilisha tarehe inafuta ya zamani na kubaki na mpya. Kwa hiyo ripoti inalinganisha siku ya kutoka na ahadi ya mwisho. Goli linasogezwa hadi mpira uingie.

Mteja yeye anakumbuka tarehe moja tu, ile ya kwanza.

Chukua zile oda 120, tafuta barua pepe au karatasi za oda za awali, kisha chuja hivi: zilizotoka kwa tarehe ya kwanza; kati ya hizo, zilizokwenda kamili bila kopo kupungua; kati ya hizo tena, zilizofika bila kasoro na karatasi zake sahihi. Zitakazobaki mwishoni ndizo oda kamilifu. Gawanya kwa 120.

Nakutahadharisha, namba itakuwa mbaya. Hata kiwanda kizuri, kila hatua ikiwa 95% na hatua ziko nne, ukizidisha 0.95 × 0.95 × 0.95 × 0.95 unapata 0.81. Idara nne zinapongezana, kila moja ina 95 yake, na mteja mmoja kati ya watano ameudhika.

Kuhusu SCOR usiogope. Huo mfumo ulitolewa mwaka 1996 na Supply-Chain Council, na kwa miaka mingi, kwa juu kabisa, ulikuwa unauliza mambo matano tu: je, mnaaminika, mna kasi, mnaweza kugeuka hali ikibadilika, mnatumia gharama kiasi gani, na mali mliyoiweka humo inafanya kazi? Vipimo vingine ni vya kushuka navyo chini pale namba ya juu inapokuwa mbaya, kama daktari asivyompima kila mgonjwa kila kitu. Anayekupa 43 kwa mpigo kasoma yaliyomo, maelezo ya matumizi kayaruka.

BohariKuu

Mimi ni mtunza stoo, nitasema langu kwa ufupi.

Kabla ya kupima chochote nenda rafuni. Mfumo unasema una vifuniko vingapi? Hesabu kwa mkono. Mimi nilipoanza kazi hii, mfumo ulikuwa unasema tuna mihuri 4,000 ya pampu, rafuni ilikuwepo 1,100. Hakuna aliyeiba. Mzigo mmoja uliingizwa kwa katoni badala ya vipande, na mihuri ya muundo wa zamani ilikuwa bado inabeba namba ileile ya bidhaa. Kompyuta ilikuwa inaagiza vizuri kabisa kwa kufuata uongo.

Usisubiri kuhesabu mwisho wa mwaka kiwanda kikiwa kimefungwa. Kila asubuhi chagua vitu kumi, vile vinavyosimamisha laini uvirudie mara nyingi zaidi. Na usirekebishe namba tu ukaondoka, andika kosa lilitoka wapi. Kwangu makosa mengi yalitoka mlango wa kupokea mizigo, kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, watu wakikimbilia gari la kurudi nyumbani.

Kazi Mtandao

Nunueni programu ya kisasa ya kupanga ugavi, hizo Excel zimepitwa na wakati.

BohariKuu

Programu mpya ikila namba za zamani itakupa majibu yale yale, ila kwa rangi nzuri.

MpangaMizigo

Wakuu nimerudi. Mzee wa Laini, umenivunja mgongo lakini asante. Siku tatu nimekuwa nafukua barua pepe.

Kati ya zile 115 "za wakati", 31 zilishabadilishwa tarehe, wakati mwingine mara mbili. Zikabaki 84. Kati ya hizo, 17 zilitoka pungufu na salio likafuata baadaye, zikabaki 67. Sita zilikuwa na kopo lililobonyea au ankara yenye makosa. Zikabaki 61.

61 kwa 120 ni 51%. Nimekaa naiangalia hiyo namba kwa nusu saa nzima. Bado sijamwonyesha meneja.

BohariKuu, nimehesabu pia. Vifuniko vinapishana na mfumo kwa asilimia mbili tu hivi, lebo ndizo balaa. Kwa hiyo vifuniko vinaisha kweli, si uongo wa mfumo. Nimechukua na takwimu zake: kwa siku tunatumia wastani wa 800, mkengeuko sanifu (kipimo cha kuyumba juu na chini ya wastani) 150. Mzigo unafika wastani wa siku 20 tangu tuagize, ila mkengeuko wake ni siku 6. Huwa tunajiwekea akiba ya 3,000, sijui nani aliipanga, nimeikuta.

(Halafu mimi ni dada, si kaka. Ila mkuu ni sawa.)

Mzee wa Laini

Sawa dada mkuu. Mwonyeshe meneja hiyo 51 leo kabla mteja hajamwonyesha. Mficha uchi hazai.

Sasa tuje kwenye vifuniko, maana umeniletea namba nzuri. Akiba ya tahadhari inahesabiwa hivi: chukua siku za kusubiri, zidisha kwa mraba wa mkengeuko wa matumizi. Kando, chukua mraba wa matumizi ya siku, zidisha kwa mraba wa mkengeuko wa siku za mzigo. Jumlisha, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 1.65 ukitaka usiishiwe katika vipindi 95 kati ya 100 vya kusubiri mzigo.

Kwako: 20 × 150² ni 450,000. Na 800² × 6² ni 23,040,000. Ziangalie hizo namba mbili zikiwa zimekaa pamoja, nitazirudia. Jumla 23,490,000, kipeuo chake kama 4,847, mara 1.65 ni takribani 8,000. Wewe una 3,000. Laini yako haina bahati mbaya, inafanya kile hesabu inachosema itafanya.

Sasa uliomba tukuonyeshe utabiri kwa namba. Tuseme umepata mganga wa mauzo, anatabiri bila kukosea hata kopo moja. Ile 450,000 inakuwa sifuri. Akiba unayohitaji inashuka kutoka 8,000 hadi 7,920. Umeokoa vifuniko 80.

Tuseme badala yake umembana anayewauzia afupishe safari, kutoka siku 20 hadi 10, lakini anabaki yeye wa kuyumba siku 6. Utahitaji karibu 7,960. Hakuna ulichopata.

Lakini akibaki na siku zake 20, na kuyumba kukashuka kutoka siku 6 hadi 2, hesabu inakuwa 450,000 kujumlisha 2,560,000, na akiba inashuka hadi kama 2,860. Chini ya hiyo 3,000 uliyoikuta. Inawezekana aliyeipanga aliipanga enzi ambazo mzigo ulikuwa hauyumbi.

Kwa hiyo kipimo chako cha pili, baada ya oda kamilifu, ni mkengeuko wa siku za mizigo kwa kila kitu kinachosimamisha laini. Wengi hupima wastani na kuishia hapo, na wastani hausimamishi laini. Usinielewe vibaya, utabiri una kazi yake, hasa kwenye bidhaa yenye msimu. Lakini kwenye vifuniko vyako unalaumiwa bure.

Fanya kitu kimoja zaidi. Usiishie kwenye mkengeuko, chora mizigo kumi na mbili ya mwisho kwenye mstari, kila mmoja siku zake. Umbo lake litakwambia sababu.

HesabuKwanza

Mhasibu hapa, naomba niwakere kidogo. Mkishaambiwa akiba iwe 8,000, kila mpangaji atapandisha akiba ya kila kitu, na sisi ndio tunaoitafuta fedha ya kulipia.

Dada, pima na mzunguko wa fedha. Siku stoki inazokaa, ongeza siku mnazosubiri wateja kulipa, toa siku mnazochukua ninyi kuwalipa wanaowauzia. Kwa mfano stoki siku 74, wateja siku 45, ninyi mnalipa kwa siku 30: 74 + 45 − 30 ni siku 89. Kila shilingi mnayoitoa inarudi nyumbani baada ya siku 89. Ile resini ya miezi mitatu unayoisema ndiko fedha yenu ilikolala. Nina hakika mtu wa ununuzi alisifiwa kwa kuipata kwa bei nafuu kwa sababu alichukua nyingi. Anapimwa kwa bei ya kilo, wewe unapimwa kwa oda kutoka, stoo anapimwa kwa nafasi. Kila mtu anashinda kwake na kiwanda kinashindwa.

Na msijaribu kufupisha huo mzunguko kwa kuchelewesha malipo tu. Mwenye vifuniko akicheleweshewa hela, unadhani oda ya nani atairudisha nyuma ya foleni?

Maabara2

Niongeze la ndani ya kiwanda, maana wote mnaangalia nje. Mimi ni mpima ubora.

Hesabu bechi (rangi inayotengenezwa kwa mkupuo mmoja) zote zilizoanza na hazijatoka, gawanya kwa bechi zinazokamilika kwa siku. Kwetu zilikuwa bechi 36, zinakamilika 4 kwa siku, kwa hiyo kila bechi inakaa ndani siku 9. Hii ni kanuni ya John Little, alitoa uthibitisho wake mwaka 1961, na haihitaji programu yoyote. Kazi halisi ya kusaga, kuchanganya na kujaza haifiki hata siku moja na nusu. Siku zilizobaki bechi imesubiri: imesubiri majibu yetu maabara (nakiri), imesubiri tangi la kuchanganyia lioshwe, imesubiri makopo. Sisi tulipunguza kwa kuacha kuanzisha bechi mpya kabla makopo yake hayajawa ndani. Wasimamizi walilalamika kwamba mashine zimekaa bure. Zilikaa bure kweli, na oda zikatoka mapema.

Mtu wa Mauzo

Nimesoma yote nikisubiri tulaumiwe, nashangaa bado.

Basi nijitaje mwenyewe. Sisi kamisheni yetu inafungwa mwisho wa mwezi, kwa hiyo wiki ya nne tunawabembeleza wateja wachukue mzigo wa wiki mbili zijazo kwa punguzo. Wiki ya kwanza ya mwezi hatuuzi kitu. Mteja wangu anapaka kuta zilezile kila siku, lakini kiwanda kinaona mlima na bonde.

Mzee wa Laini

Umeungama mwenyewe, nimekusamehe.

Jambo hilo Jay Forrester wa chuo cha MIT, Marekani, alilieleza mwaka 1958: mabadiliko madogo kwa mnunuzi wa mwisho yanakuwa makubwa kila yanapopanda hatua moja kurudi kiwandani na kwa wanaokiuzia kiwanda. Kampuni ya Procter & Gamble waliliona kwenye nepi. Watoto wanazitumia kwa kasi ileile kila siku, lakini oda za wasambazaji zilikuwa zinapanda na kushuka, na oda za kampuni yenyewe kwa wauza malighafi zikayumba kuliko hapo. Linapimika: dada, chukua oda mnazotuma kwa ajili ya vifuniko kwa wiki, tafuta varianzi yake (mraba wa mkengeuko sanifu), gawanya kwa varianzi ya mauzo ya rangi kwa wiki, zote ziwe kwenye idadi ya makopo. Ikizidi 1, ninyi wenyewe mnakuza mawimbi. Ikiwa 3 au 4, msimlaumu mwenye vifuniko kabla hamjajitazama.

MpangaMizigo

Wakuu, wiki kumi zimepita, nimeona si adabu kuchukua ushauri na kupotea.

Meneja nilimwonyesha 51%. Alikaa kimya, kisha akauliza kama mteja anaijua hiyo namba. Nikamwambia mteja ndiye pekee aliyekuwa anaijua.

Ule mchoro wa mizigo kumi na miwili ndio ulioniacha mdomo wazi. Hakukuwa na mzigo hata mmoja uliofika siku ya 20. Sita ilifika kati ya siku 13 na 15, sita kati ya siku 25 na 27. Wastani wa 20 ulikuwa ni siku ambayo haijawahi kutokea! Nikaweka pembeni ya kila mzigo kiasi tulichoagiza. Ile ya haraka yote ilikuwa oda ya vifuniko 12,000 au zaidi. Ile ya kuchelewa ilikuwa 7,000 hivi.

Nikampigia simu mwenye vifuniko. Akanijibu kama mtu anayeshangaa kwa nini nauliza: "Chini ya 12,000 hatufungi kalibu (umbo la kutengenezea vifuniko). Tunasubiri oda yenu inayofuata, tunazitengeneza pamoja." Tunaagiza kila baada ya siku 12 hivi, kwa hiyo oda ndogo ilikuwa inasubiri hizo siku 12 na kisha inaanza siku zake 14. Hakuna mtu kwetu aliyewahi kumuuliza. Na kwa nini oda moja ilikuwa kubwa na inayofuata ndogo? HesabuKwanza, usikasirike: mtu wa ununuzi alikuwa anaikata ya pili ili stoki ionekane ndogo kwenye ripoti ya uhasibu.

Yaani tuliokoa vifuniko 5,000 kwenye karatasi, tukasimamisha laini ya rangi.

Sasa tunaagiza 12,000 kila baada ya siku 15, basi, hakuna kukata. Mizigo minne imeshafika, wa haraka siku 13, wa kuchelewa siku 16. Minne ni michache, akiba sijaishusha bado, nataka nione kumi. Lakini laini haijasimama kwa ajili ya vifuniko tangu hapo. Ilisimama mara moja kwa ajili ya lebo, nami nikamkumbuka BohariKuu, maana mfumo ulikuwa unasema zipo.

Oda kamilifu za mwezi uliopita ni 78 kati ya 116, yaani 67%. Meneja wa enzi za 96% angenifukuza kwa namba hiyo. Resini bado ipo, imebaki ya kama wiki saba, tumeacha kununua hadi ipungue. Kwa bechi zilizokaa kiwandani nimeanza kuhesabu kila Ijumaa jioni, tumetoka siku 11 hadi 8. La mauzo ya mwisho wa mwezi bado. Ile hesabu ya varianzi ilitoka 3.4, nimeipeleka kwenye kikao, mkuu wa mauzo akasema tutaijadili robo ijayo.

Ripoti yangu sasa ina vipimo vitano: oda kamilifu, kuyumba kwa siku za mizigo, usahihi wa stoo, siku za stoki, na siku za bechi kiwandani. Nimeituma mara mbili. Vile vingine 38 hakuna aliyeviulizia.